Nzi Mgongoni mwa Dundu

Niliingia nyumbani kwa mume wa mama nikiwa nimebebwa mgongoni, na nilikuwa nimeshapita umri wa kubebwa. Nilikuwa na miaka saba. Basi lilitushusha barabarani, mguu wangu ulikuwa umevimba kwa mwiba ulionichoma kabla ya safari, na kutoka pale hadi kwake ilibidi kukatisha mbuga nzima ya udongo mweusi. Yeye alikuja kutupokea na baiskeli. Mizigo ilipofungwa hapakubaki hata pa kukalia kuku, kwa hiyo mama akanifunga kwa kanga, miguu yangu ikaning'inia mpaka magotini mwake. Watu wa kule waliniona hivyo kwa mara ya kwanza, na mtu akishakuona hivyo, kumbadilisha mawazo ni kazi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, kabla watu hawajahamishiwa vijijini. Kila kaya ilikaa peke yake ndani ya ua wake wa minyaa, na kati ya kaya na kaya ni mashamba ya pamba na ng'ombe. Sisi tulitoka Ushirombo, kwa Wasumbwa, katika nyumba ya Wakatoliki na mihogo. Ng'ombe niliwajua kwa kuwaona wakipita. Hapa Shinyanga nilikuta wamelala mlango kwa mlango na watu.

Niseme mapema jinsi mambo yangu yalivyokuwa, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Mimi nilizaliwa nyumbani kwa babu. Baba aliyenizaa hakuwahi kuonekana mlangoni kwetu, wala ng'ombe wake hakuonekana, na kwa desturi ya kwetu, na ya Wasukuma pia, mtoto wa namna hiyo ni wa babu yake. Mama alipopata mchumba, mahari yalitolewa kwa ajili yake peke yake. Mimi sikuwemo. Babu aliniruhusu kumsindikiza mama ili azoee ugeni, kisha pamba ikishavunwa mjomba angekuja kunichukua. Hayo yalisemwa mbele yangu, nikiwa nimekaa hapo hapo nakula muhogo, kana kwamba mtoto hana masikio. Tangu siku hiyo nikaanza kuichukia pamba, na mpaka leo sipendi kuliona ua lake.

Mume wa mama alikuwa mjane mwenye binti mmoja, mkubwa kwangu kidogo. Alikuwa mwanamume mrefu, mweusi sana, mwenye maneno machache. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kila neno alilipima kabla ya kulitoa. Kila asubuhi nilimpigia goti.

"Shikamoo."

"Marahaba, mgeni. Umeamkaje?"

Mgeni. Hilo ndilo jina alilonipa, na alinitendea sawasawa na jina lenyewe. Maziwa nilipewa kabla ya binti yake. Kulikuwa na kigoda kidogo cha mti mwekundu, na alipokuwa amekaa nje alikisogeza kwa mguu niweze kukaa. Akichoma mahindi, la kwanza kuiva lilikuwa langu. Mama aliyaona hayo yote na macho yake yakazidi kuingia ndani, kwa sababu alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba watu wa nyumba hawafanyiwi hivyo.

Katika nyumba ile, mtu wa nyumbani alitambulika kwa kutumwa. Binti yake alitumwa kuanzia jua linapotoka. Wewe, ndama wametoka! Wewe, maji! Wewe, kuni hizi ndizo ulizoleta, au ni vijiti vya kusafishia meno? Na kazi kubwa ya mtoto wa kike pale ilikuwa mavi ya ng'ombe. Asubuhi, ng'ombe wakishatoka, uliingia zizini, ukachota yale mabichi kwa mikono miwili, ukayachanganya na maji na majivu, ukasiriba sakafu kwa kiganja, ukirudi nyuma mpaka mlangoni. Yakikauka, sakafu inakuwa laini, haina vumbi wala viroboto, na ina harufu ya majani ambayo nikiisikia leo nasimama. Mgeni hashiki mavi ya watu. Ukimshikisha mgeni mavi ya zizi lako, umemtangazia kila mtu kwamba amekuja kwako kuwa kijakazi.

Kazi za jikoni mama alinituma kama kawaida, lakini hizo hazihesabiki, mama ni mama. Nilitaka kutumwa na yeye. Siku moja nilijitia ujasiri, nikachukua karai na kwenda zizini bila kuambiwa. Alinikuta mlangoni mwa zizi. Akanitoa karai mkononi taratibu, kwa vidole viwili, akasema, "Weka chini, mgeni wetu. Utachafuka." Nilikwenda nyuma ya ghala la mtama nikalia kwa hasira. Bora angenichapa. Binti yake alichapwa siku ile ile kwa kusahau maji ya ndama, nami nikamwonea wivu kichapo chake chote, na makamasi juu.

Huyo binti, ambaye leo ni dada yangu na tukikutana hatumalizi kucheka, wakati ule alikuwa na ulimi. Ndiye aliyenitafutia jina la pili. Tulikuwa njiani, mvua za kwanza zimeshanyesha, ng'ombe wamepita na kuacha mavi yakitoa mvuke, na madundu wameanza kushuka. Alinionyesha kwa kidole dundu mmoja mkubwa, mweusi wa kung'aa, aliyekuwa akisukuma donge lake kwa miguu ya nyuma, kichwa chini. Mgongoni mwake alikaa nzi mdogo.

"Unamwona huyo? Dundu ni mama yako. Na huyo wa juu ni wewe."

Nilimrushia donge la udongo, halikumpata. Lakini neno lake lilinipata, na kuanzia hapo sikuweza kupita penye mavi bila kuchutama. Kama mimi ni nzi, nilitaka kujua nzi anafanya nini.

Hawakuwa wale nzi wa nyumbani wanaotua kwenye chakula. Hawa walikuwa wadogo, hawafiki punje ya mtama, weusi, na walipenda kutembea kuliko kuruka. Walikuja pamoja na madundu, au nyuma yao kidogo, wakashuka na kuanza kuzunguka juu ya mavi kama watu waliofika mnadani wakiwa na shida ya mnyama mmoja tu. Nilidhani wanapanda dundu yeyote. Hapana. Kuna madundu wadogo wanaochimba hapo hapo chini ya mavi, hao waliwapita. Kuna dundu mkubwa aliyekuja kula tu, amezama mpaka mabegani. Nzi alimpanda, akakaa kidogo, akashuka. Lakini akitokea yule anayekata, anayepigapiga, anayezungusha kipande chake mpaka kikawa donge, hapo nzi husogea. Humzunguka. Humgusa na kurudi nyuma. Mwisho hupanda kwa nyuma na kwenda kukaa pale shingo inapokutana na mabawa, akatulia. Madundu wawili wakigombania donge, nzi hushuka wote wakasubiri pembeni, kisha wakampanda aliyeshinda. Sikuipenda tabia hiyo. Niliona ni ya kinafiki.

Siku moja kivuli kiliniangukia nikiwa nimechutama hivyo. Alikuwa mume wa mama. Hakuniuliza nimepotelea wapi. Alichutama upande wa pili wa mavi, fimbo amelaza magotini, akatazama nami kwa muda mrefu, mtu mzima mwenye ng'ombe wake mbele wanaomsubiri.

"Unamwangalia dundu?" akauliza.

"Namwangalia nzi."

"Aa." Akainama zaidi. "Anakwenda wapi, huyo?"

"Anakokwenda dundu."

Tukawafuata. Ilikuwa safari ndogo lakini yenye taabu: donge lilitumbukia kwenye wayo wa ng'ombe, dundu akalitoa, likakwama kwenye kisiki cha mtama, akalizungusha. Nzi juu hakusaidia lolote. Mara kwa mara dundu aliinua mguu na kujaribu kujifuta mgongo, nzi akasogea kidogo tu, basi. Walipofika penye udongo laini dundu alianza kuchimba, donge likazama polepole, naye akazama nalo. Nilingoja nzi aruke. Hakuruka. Alikwenda chini naye, udongo ukafunika.

"Ameingia!" nikasema.

"Ameingia. Ndiyo nyumba yao. Atataga mayai yake humo humo, kwenye chakula cha mwenzake."

"Kwa nini dundu hamfukuzi?"

Akafikiri. Alikuwa mtu wa kujibu alichoulizwa. "Hana mkono wa kufika mgongoni," akasema, akanyanyuka kwenda kwa ng'ombe wake.

Sijui kama kuna jibu lililowahi kuniumiza vile. Nililibeba mpaka nyumbani na kulitafuna kama mfupa. Kumbe dundu hamkubali nzi. Ameshindwa tu kumfikia. Kumbe mtu huyu naye ananivumilia kwa sababu ya mama, kwa kuwa hana pa kunishika anitoe, na pamba ikishavunwa mjomba atakuja kumfutia mgongo. Nilimwambia mama tukiwa tunapukuchua mahindi. Mama hakuniambia kwamba nimekosea. Alinivuta kwake, akanishikilia kichwa kwa mikono yenye makapi, akasema, "Nimemwomba Mungu, mwanangu. Lakini yeye mwenye nyumba nimeshindwa kumwomba. Mwanamke mgeni anaanzaje kuomba?" Ndivyo tulivyokuwa, watu wawili wenye shida moja, na kila mmoja akiogopa kufungua mdomo.

Pamba ikavunwa. Wakati watu wakishindilia magunia, mume wa mama akasema anakwenda mnadani, akaondoka na fimbo na mtamba mmoja mwekundu, yule mwenye doa jeupe kwenye paji, mzuri kuliko wote zizini. Alikaa siku nyingi huko. Mnada gani huo, mama alijiuliza. Aliporudi alikuwa amekonda, miguu imejaa vumbi mpaka magotini, mtamba hayupo. Hakueleza kitu. Aliomba maji, akanywa, akanisogezea kigoda changu kwa mguu. Nilijua amemuuza yule mtamba ili apate za kunisafirishia, na nikamhesabia hilo pia. Nilikataa kukaa.

Haikupita wiki, mjomba akatokea.

Nilimwona mimi wa kwanza, akisukuma baiskeli kwenye njia ya mbugani, shati lake la kanisani limelowa jasho. Nilimpenda mjomba wangu. Alikuwa mcheshi, na kwa babu ndiye aliyenifundisha kupanda mti. Siku ile nilitamani baiskeli yake ipasuke magurudumu yote mawili. Mama alipomwona aliingia ndani. Nilimkuta anakunja gauni langu la pili, analifunga kwenye kanga ile ile aliyonifunga nayo mgongoni, anafunga na kufungua, anafunga na kufungua, machozi yakidondokea fundo.

Nje, salamu za Kisukuma zilikuwa zikiendelea, na wanaozijua wanafahamu kwamba haziishi upesi: mmeamkaje, mvua, ng'ombe, wazee, magonjwa, tena wazee. Mjomba alipewa kigoda changu. Binti wa nyumba alileta kibuyu cha maziwa na kuondoka. Mimi na mama tulisimama mlangoni, kifurushi mkononi mwangu. Mjomba aliniona, akatabasamu, akafungua mdomo. Mume wa mama akamwonyesha kiganja, kwamba angojee kidogo. Akageuka kunitazama. Alivimba, kama mtu anayejikaza kunyanyua gunia.

"Wewe!" akasema.

Kwa sauti ile ile. Sauti ya ndama wametoka.

"Wewe, unasimama hapo na kifurushi, unakwenda wapi? Mjomba wako analala wapi leo, kwenye vumbi? Hiyo sakafu ya chumba cha wageni umeiona? Chukua karai uende zizini. Na usiniletee yaliyokauka!"

Nilimtazama mama, mama akamtazama kaka yake. Mjomba alikuwa anacheka, meno yote nje.

"Shemeji," akamwambia mume wa mama, "umeshalisoma jibu usoni pangu, lakini ungeniacha nimalize salamu. Babu yake amempokea mtamba. Anasema mtoto ni wako, na umlee."

Hapo ndipo mama alipokaa chini, pale pale kizingitini, akajifunika uso kwa kanga. Mume wa mama hakujua afanye nini na mwanamke anayelia mbele ya shemeji. Akaongea akitazama miguu yake. "Ningemtumaje mtoto wa watu?" akasema. "Wangesema nimeoa ili nipate mtumishi. Nilimweka mgeni mpaka nipate ruhusa. Wewe ulidhani nini?"

Sisi tulidhani nini! Miezi yote ile ya maziwa ya kwanza na mahindi ya kwanza, na mtu kutembea na mtamba kupita Kahama mpaka Ushirombo, miguu ikipasuka, kwenda kuniomba. Mwenyewe alifikiri kila mtu anaelewa. Kwake kulikuwa na kitu kimoja tu cha kueleweka: mtoto wa mwingine humheshimu, wako humtuma. Mama yeye aliyachukua ya kwetu, ambako mtoto anayependwa hupigiwa kelele siku ya kwanza. Nadhani kama mmoja wao angekuwa mropokaji, tungepona machozi mengi.

Nilidondosha kifurushi nikakimbia. Zizini nilitumbukiza mikono yote miwili, yalikuwa bado ya moto, na sikumbuki kama kuna hariri niliyowahi kushika baadaye ikanifurahisha hivyo. Binti wa nyumba alinikuta huko, akasimama mlangoni mkono kiunoni.

"Umetumwa?" akauliza, hakuamini.

"Nimetumwa."

"Na baba?"

"Na baba," nikasema, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo. Yeye akafikiri kidogo, kisha akaniambia kwamba ninachota vibaya, nitamwaga njiani, akaja kunionyesha.

Baba alinituma tangu siku hiyo bila huruma. Kuni zangu zilikuwa vijiti vya kusafishia meno. Nilichapwa kwa kusahau maji ya ndama, nikalia kwa majivuno. Na siku moja, tukiwa tumechutama tena penye madundu, nilimkumbusha jibu lake lile la mkono usiofika mgongoni, nikamwambia lilivyonikaa. Alishangaa kweli. "Mimi nilisema habari za dundu," akasema. Akamtazama nzi aliyekuwa anamzunguka dundu mmoja, anamgusa na kurudi nyuma. "Lakini huyu namsifu. Wakubwa wapo wengi hapa. Yeye kamjua mwenye safari."

Miaka ikaenda. Niliolewa Geita, na mume wangu alifuata wachimbaji wadogo na biashara zake za sukari na betri, kwa hiyo ilipofika miaka ya tisini nilikuwa mama wa mjini kidogo, nina viatu vyenye kisigino na saa ya mkononi. Nilipopata habari kwamba baba haamki, nilipanda magari niliyopanda na kufika kwao mchana. Ilikuwa nyumba nyingine, ya kijijini tulikohamishiwa nikiwa bado mtoto, lakini ukuta ule ule wa udongo. Mama alikuwa amemzalia baba mtoto wa kiume. Mke wa huyo mdogo wangu, binti mgeni katika ukoo ambaye hakuwahi kuniona, alinipokea kwa heshima kubwa. Akapiga magoti, akanipokea mkoba, akaniletea kiti pekee chenye mgongo kilichokuwemo, akakifuta kwa upindo wa kanga yake. Mama alikuwa amekaa chini karibu na kitanda, ameshika mguu wa baba.

Baba alikuwa amekwisha. Macho hayakuona tena. Aligeuza uso kufuata sauti.

"Nani amekuja?"

"Mgeni, baba," mke wa mdogo wangu akasema. "Mgeni kutoka Geita."

"Mgeni gani?"

"Ni mimi, baba. Shikamoo."

Nikadhani hajanisikia. Kumbe alikuwa anakusanya pumzi.

"Amekaa wapi?"

"Nimempa kiti, baba."

"Mwondoe," akasema. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa ndiyo yenyewe. "Wewe! Tangu umefika unakalia viti tu? Husikii vumbi la sakafu hii? Nenda zizini."

Mke wa mdogo wangu alishtuka, akaanza kuniomba radhi, mgonjwa, dada, usimjali, hajui anachosema. Mama alikuwa ameinamisha kichwa kwenye mguu wa baba, mabega yakimtetemeka, na kwa jinsi ninavyomjua alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Nilivua viatu nikaviweka chini ya kiti. Nilivua na saa. Nilichota yale mabichi kwa mikono miwili, nikachanganya na maji na majivu, nikaanza kusiriba kutoka pale kitandani pake nikirudi nyuma, naye akisikiliza kiganja changu kikipita.

"Pale pembeni ya mlango umeruka," akasema.

Sikuwa nimeruka. Nikarudia pembeni ya mlango.